Vyumba tisa na goblini mmoja: kitabu cha wachezaji cha Dungeons & Dragons, toleo la 2014

Goblini, kiumbe adui katika mchezo huu wa mezani wa kuigiza wahusika, alikuwa kafungwa kamba mtini, na paladini, shujaa mwenye kiapo, alishamwahidi: ukituonyesha njia ya pangoni, tunakuachia. Akaonyesha. Ndipo mchezaji anayeigiza mwizi akauliza, kwa upole kabisa, kama akiachiwa si atakwenda kuwaamsha wenzake? Wakabishana dakika 40, dadu zimelala mezani. Mimi mwendesha mchezo, ninayesimulia na kuamua yanayotokea, nikafungua kitabu kwenye fungu la mwelekeo wa maadili, nikitafuta pa kushika.

Sikupaona. Mielekeo imegawanywa kama vyumba tisa: mshika sheria, asiyeshikika au wa katikati, ukichanganya na mwema, mwovu au wa katikati tena. Kila chumba kimeelezwa kwa sentensi moja hivi. Unachagua, unaandika kwenye karatasi ya mhusika, basi. Ukienda kinyume chake hakuna kinachokupata.

Zamani kilikupata. Mchezo ulipotoka 1974 pande zilikuwa tatu tu, Sheria, Vurugu na wasioegemea; vyumba vyote tisa vikaingia kitabu cha wachezaji cha 1978. Paladini wa kitabu hicho sharti awe mwema mshika sheria, na akitenda uovu kwa kujua na kwa kupenda, upaladini unamtoka palepale, haurudi. Ukali huo uliwageuza waendesha mchezo kuwa mahakimu, jambo nisilolitamani. Ila angalau chumba ulichochagua kilikudai kitu. Siku hizi kimebaki kichaka cha kujifichia: "ndivyo mhusika wangu alivyo," anasema aliyewaibia wenzake usiku, na ukitazama karatasi yake utakuta ni yuleyule asiyeshikika wa katikati. Kila meza ina wake.

Kitabu kinajikomboa mahali pengine. Paladini wa toleo hili anaruhusiwa mwelekeo wowote. Kinachombana ni kiapo anachokula akifika ngazi ya tatu. Nikamwambia mchezaji asome chake, Kiapo cha Ibada, kwa sauti. Usiseme uongo, neno lako liwe ahadi. Akatabasamu, kesi imekwisha. Mwizi akamwambia endelea kusoma. Mistari miwili chini: wahurumie maadui zako, lakini kwa busara. Tabasamu likayeyuka. Mistari ile michache ilitupa mabishano mazito kuliko vyumba vyote tisa, kwa sababu ilimkaba mtu mmoja kwa jambo alilolitamka mwenyewe. Kile kipengele cha itikadi, kifungo (yaani anachofungamana nacho) na udhaifu wa mhusika nacho kinasaidia hivyohivyo. Kijazeni kabla ya kugusa chumba chochote.

Kwa viapo, nyota nne. Kwa vyumba, moja, na hiyo ni ya heshima ya uzee.

Paladini alikata kamba. Walipofika pangoni goblini wote walikuwa macho, pinde mkononi. Niliamua mimi wawe macho, na mchezaji wa paladini hadi leo ananidai maelezo.