Mastazi ya tabianchi na maendeleo endelevu hapa Dar: uzoefu wangu

Hili swali nimeulizwa sana, na wadogo zangu wa ofisini, na shemeji yangu ambaye anasubiri dirisha la maombi lifunguliwe, kwa hiyo naandika mara moja kila mtu asome mwenyewe. Je hii mastazi inalipa? Inalipa kama unajua unaifata nini. Ukiifata kwa sababu jina linavuma, utatoka na picha za mahafali basi. Chuo sikitaji maana kuna mambo nitayasema hapa na bado nina watu wangu pale.

Mimi nilikuwa tayari kazini, maendeleo ya jamii kwenye manispaa, digrii yangu ya kwanza sosholojia, hesabu tuliachana fomu foo kwa amani kabisa. Darasani tulikuwa mchanganyiko: walimu wa jiografia, maafisa kilimo, jamaa mmoja wa benki ambaye wafadhili wao wameanza kuwauliza kuhusu hatari za tabianchi kwenye mikopo, na madogo waliounga moja kwa moja kutoka digrii ya kwanza. Hao madogo kwenye mijadala walikuwa wanahangaika kidogo sababu hawana mfano wowote wa kazini, ila tukiingia chumba cha kompyuta walituburuza vibaya.

Semista ya kwanza ni nadharia tupu. IPCC (lile jopo la wanasayansi wa tabianchi la Umoja wa Mataifa) imeanzishwa 1988, mkataba wa tabianchi wa 1992, itifaki ya Kyoto 1997, makubaliano ya Paris 2015, unakariri, unajibu mtihani, maisha yanaendelea. Kilichoniudhi ni slaidi. Ripoti ya sita ya IPCC ilianza kutoka 2021 na ikakamilika 2023, sisi tunasomeshwa takwimu za ripoti ya tano ya 2013 na 2014, mtu ukiuliza unaambiwa nyie ni watu wa mastazi kasomeni wenyewe. Sawa tutasoma, lakini ada tumelipia nini sasa? Ahadi ya Tanzania yenyewe, ile ya 2021 ya kupunguza gesijoto kwa asilimia 30 hadi 35 ifikapo 2030 ukilinganisha na hali ingekuwaje bila kuchukua hatua, mimi nilikuja kuielewa siku alipoletwa mgeni kutoka serikalini kutufundisha. Yule mama kwa mhadhara mmoja alitupa vitu kuliko moduli nzima, maana alitueleza nani anakaa mezani wakati namba zinapangwa, na hela za kuhimili mabadiliko ya tabianchi zinapitia mlango gani kabla hazijafika kijijini.

Sasa semista ya pili ndo nilipoanza kuona thamani ya hela yangu. Tukapewa data za mvua za kituo cha uwanja wa ndege, miaka na miaka, kila siku na milimita zake. Kwenye hilo faili siku ambayo haina kipimo imeandikwa -99.9, na mhadhiri hakusema kitu, akatuacha tu. Jamaa mmoja kapiga wastani wake kwa raha zake bila kuziondoa hizo -99.9, kaja mbele na projekta anatuonesha mwezi wa nne Dar mvua ni hasi. Mvua hasi aisee, mwezi wa masika! Tulicheka mpaka machozi, ila lile somo halijanitoka hadi leo, mtu akiniletea grafu nzuri nzuri kwenye kikao swali langu la kwanza ni siku zisizo na data mmezifanya nini, na mara nyingi ukimya unatawala.

Halafu fildi. Tulipelekwa bonde la mto Msimbazi hapahapa Dar, na hapa niwape tahadhari, hiyo safari haianzi bondeni, inaanzia kwenye barua, chuo kinaandika kwa Katibu Tawala, inashuka wilayani, inashuka kata, inaishia kwa mwenyekiti wa mtaa ambaye naye siku hiyo ana msiba. Ila tulipofika Kigogo kuna mzee mmoja, shikamoo zetu kapokea, akatuingiza sebuleni kwake akatuonesha ukuta. Kila mafuriko yakija anapigilia msumari pale maji yalipofika. Ile ya Desemba 2011, ambayo watu wengi walikufa na wengine wakahamishiwa Mabwepande, msumari wake uko juu ya swichi ya taa. Anakwambia binti yangu, hapa maji, hapa maji, hapa nilikuwa nimeshapandisha godoro darini.

Tukaipima ile misumari kwa tepu, tukarudi chuo tukailinganisha na zile data za uwanja wa ndege. Haviendi pamoja! Kuna msumari wa juu kwenye mvua ya kawaida tu. Hapo ndo mhadhiri wetu wa GIS, yaani ramani za kompyuta (huyu nampa maua yake, angefundisha kozi nzima peke yake ningekuwa na furaha) akatuwekea ramani na kutuonesha kwamba Msimbazi inaanzia huko vilima vya Pugu Kisarawe, kwa hiyo mvua ya huko juu kituo cha uwanja wa ndege kinaweza kisiione vizuri, na zaidi ya hapo bonde lenyewe limejaa mchanga na takataka na vifusi, nyumba zimeongezeka, ardhi ya kunywa maji imepungua, mvua ileile inaleta maji mengi zaidi kuliko zamani. Kabla ya hapo mimi kila mafuriko nilikuwa nasema tabianchi, tabianchi. Sasa hivi nauliza kwanza mtaro unaishia wapi.

Dizateshen sitaki kuikumbuka. Supavaiza wangu ni mtu msomi sana na mpole sana na hapatikani kabisa. Unamtumia sura ya pili, anaijibu wakati ushasahau uliandika nini, halafu koma anazisahihisha moja moja ila mbinu za utafiti kapita juu juu. Wenzangu wenye masupavaiza vijana walimaliza mapema. Kwa hiyo usipangiwe tu ukanyamaza, waulize waliotangulia yupi anasoma kazi, hilo ni muhimu kuliko jina la profesa.

Mtaani sasa. Matangazo ya kazi yenye maneno "mabadiliko ya tabianchi" ni machache, na mengi yanataka uzoefu wa miaka ambayo huna. Kazi zenyewe zipo lakini zinaitwa majina mengine: afisa mazingira na jamii kwenye miradi ya barabara na maji, ufuatiliaji na tathmini kwenye mashirika, ESG benki (yaani masuala ya mazingira, jamii na utawala bora). Ukitaka kufanya tathmini za athari kwa mazingira cheti chako cha mastazi peke yake hakitoshi, lazima usajiliwe NEMC, baraza la taifa la mazingira, kama mtaalamu, na chuoni hakuna aliyetuambia hili mpaka tunakaribia kutoka. Tangazo moja la afisa mazingira liliorodhesha digrii zinazokubalika, sayansi ya mazingira ipo, uhandisi upo, ya kwangu hola.

Na hewa ukaa, yaani kulipwa kwa kaboni inayotunzwa na misitu. Tangu kanuni za biashara ya kaboni zitoke 2022 kila mtu anataka hewa ukaa, watu wamesikia vijiji vya Katavi vimepata hela, wamesikia Wahadzabe wa bonde la Yaeda, wanadhani wakimaliza mastazi wanaanza kuuza misitu. Kozi yangu iligusa kidogo mno. Kama moyo wako uko huko angalia Morogoro, chuo cha kilimo cha Sokoine (SUA) ndo kilipo kituo cha taifa cha kufuatilia kaboni, na ujiandae kupima miti kwa mkono, maana kazi ile ni kupima miti.

Mimi kazini kwangu imenisaidia, nimewekwa kwenye timu ya kuandika maandiko ya miradi na sasa posho za safari nazijua zinafananaje. Alama natoa 6 kwa 10. GIS na fildi zingebeba 9, slaidi na dizateshen zimeshusha.

Shemeji, kabla hujalipia fomu omba orodha ya moduli zote, uangalie ngapi zina vitendo, na uulize kama maabara ya kompyuta inafunguliwa Jumamosi. Ya kwetu ilikuwa inafungwa Ijumaa saa tisa, na funguo anayo mtu mmoja tu, naye anakaa Chanika.