Setralini: Dawa Inayodai Subira

Nimetumia setralini, dawa ya kutibu sonona (ugonjwa wa huzuni kali ya muda mrefu), kwa miezi 14 kwa agizo la daktari, na kasoro yake kubwa ni kwamba maudhi yake hutangulia nafuu. Wiki mbili za mwanzo nilipata kichefuchefu na usingizi wa mang'amung'amu ilhali huzuni haikupungua hata kidogo, na kama mfamasia asingenieleza mapema kwamba dawa za kundi hili huhitaji wiki mbili hadi nne, pengine zaidi, ndipo manufaa yaanze kuonekana, ningeitupa. Nilianza na miligramu 50 kwa siku, kipimo cha kawaida cha kuanzia kwa watu wazima, nikaimeza baada ya chakula cha asubuhi, na tumbo likatulia.

Kikaratasi cha maelezo ndicho kinachostahili lawama. Maandishi yake ni madogo mno, na onyo kwamba baadhi ya vijana wasiozidi miaka 24 wanaweza kupata mawazo ya kujiua siku za mwanzo, au kipimo kinapobadilishwa, limefichwa katikati ya mengine, sawa na tahadhari ya kutoichanganya kiholela na dawa za maumivu kama tramadoli au ibuprofeni.

Niliwahi kuiacha ghafla kwa siku nne, nikijidhania nimepona (ujasiri wa kijinga). Kizunguzungu na hisia kama ya kupigwa shoti kichwani vilinirudisha kwa daktari, ambaye baadaye alinipunguzia kipimo hatua kwa hatua kwa wiki kadhaa. Dawa yenyewe naipa nyota nne kati ya tano; kikaratasi, moja.