Filamu ya Walioambukizwa, na Maradhi Yasiyo na Kanuni

Filamu hii ya kutisha, niliyotiliwa kwenye flashi katika duka moja la Chake Chake, inasimulia kisa cha watu wachache waliojifungia ndani ya skuli huku wenzao waliopatwa na maradhi ya ajabu wakiwavizia nje. Jina lake nalisitiri, kwa kuwa walioitengeneza ni vijana wa nje wasio na kampuni ya kuwabeba, na kasoro zake ni zile zile za filamu nyingi za aina yake.

Aghalabu filamu kama hii huombewa radhi kwa hoja ya ukata, hoja ambayo mimi siikubali. Mwaka 1968 George Romero wa Marekani alitengeneza filamu yake ya wafu wanaokula watu kwa takriban dola 114,000, kwa picha zisizo na rangi, sehemu kubwa ndani ya nyumba moja ya shamba, na damu yake ilikuwa shira ya chokoleti. Hata hivyo, kadiri hadithi ilivyokwenda, mtazamaji alifahamu kwamba viumbe wale huogopa moto na huuliwa kwa kupigwa kichwani.

Katika filamu hii hakuna kinachofahamika. Mlinzi wa skuli anaumwa shingoni na kugeuka kabla hajaanguka chini, ilhali mwalimu aliyeumwa mkononi anamaliza nusu ya filamu akiwa na akili timamu na kutoa hotuba ndefu, kwa sababu tu mwandishi alizihitaji hotuba zake. Kijana mmoja anarukiwa na damu mdomoni na hapatwi na lolote. Mwengine anakwaruzwa kidogo na dakika ile ile anaanza kunguruma. Ajabu ni kwamba hakuna hata mmoja miongoni mwao anayeuliza kwa nini.

Sisi wa Pemba hatuhitaji kusimuliwa maradhi yanayoingia kwa meno. Mtu huumwa na mbwa mwenye kichaa, kidonda kikapona, kisha maradhi yakanyamaza, aghalabu kwa miezi miwili au mitatu na pengine zaidi, na pindi dalili zinapojitokeza, ikiwemo ile ya kuogopa maji, huwa ni nadra sana mgonjwa kunusurika. Kidonda kikioshwa vyema na chanjo ikawahi, mtu huokoka. Kisiwa hiki kiliwahi kuyatokomeza maradhi hayo kwa kuchanja mbwa, nayo yakarejea mwaka 2016. Mzazi anayekimbiza mtoto hospitali kwa alama mbili za meno mguuni anajua anashindana na muda, na ndani ya kujua huko ndimo khofu ilimo. Mtunzi wa filamu hii angeliazima subira hiyo tu ya maradhi, asingelihitaji mayowe yote yale.

Tabia za wahusika nazo haziaminiki. Kuna onyesho ambapo wote wametapakaa damu ya wagonjwa, kisha wanapokezana chupa moja ya maji, mdomo kwa mdomo, bila ya mtu kusita wala kuipangusa. Ulipopamba moto mripuko wa kipindupindu hapa Zanzibar mwaka huo huo wa 2016, skuli zilifungwa na biashara ya vyakula vya barabarani ikapigwa marufuku. Watu wanaoishi na maambukizi huitazama bilauri ya jirani kwa jicho jengine kabisa.

Kuhusu ufundi sina mengi: doa la damu kwenye shati la mwalimu linahama bega, usiku unageuka alasiri ndani ya mazungumzo mamoja, na yowe moja lililorekodiwa linatumika kwa wahanga wanne tofauti, akiwemo mwanamme mwenye ndevu.

Kwa haki, lipo onyesho moja zuri, pale binti anaposikiliza kucha zikikwaruza ubao upande wa pili wa ukuta na kamera ikabaki usoni pake bila ya kuonyesha kitu. Onyesho hilo halikugharimu hata tone la rangi nyekundu.

Mwisho wa filamu unaashiria kwamba sehemu ya pili inakuja. Kabla ya kuwasha kamera, watengenezaji waandike kwenye karatasi moja maradhi yao yanaambukizaje, yanachukua muda gani na yanazuiliwa na nini, kisha wampe kila mchezaji nakala yake.