Kebo za stereo nilizojitengenezea Lubumbashi: shaba ya kweli, shaba ya kupakwa, na fishi zinazofaa

Nimetengeneza seti mbili za kebo kwa stereo moja ya nyumbani. Ya kwanza inatoka kwenye mashine ya CD hadi kwenye ampli, mita 1.5 kila upande, na ina fishi (plagi) za RCA kote kuwili, zile zenye pini katikati na pete nje. Ya pili inatoka kwenye ampli hadi kwenye bafle (maboksi ya spika), mita 5 kila upande. Vifaa karibu vyote nilivipata humu Lubumbashi, kwenye soko la mtaa wa Kenya na katika maduka ya umeme ya mjini kati. Fishi 4 tu za RCA, za chapa ya Rean aina ya NYS373, ndizo zilizoagizwa kutoka nje. Sasa zina miezi minane kazini, kwa hiyo ninayoandika hapa nimeyapima, sikuyasoma kwenye kadibodi ya kifungashio.

Nianze na waya wa bafle, maana ndiko watu wanakopoteza pesa. Ule waya bapa, mwekundu na mweusi, unaouzwa kwa mita, umeandikwa 2x2.5, yaani nyaya mbili zenye unene wa milimita mraba 2.5 kila mmoja. Menya ncha, chukua uzi mmoja mwembamba, ukwangue kwa wembe. Wekundu unabanduka, na chini yake panang'aa weupe. Hiyo ni alumini iliyovikwa shaba. Mji huu ulianza kuyeyusha shaba mwaka 1911, na mkoa wenyewe uliitwa Shaba kuanzia 1971 hadi 1997. Inauma kusimama kwenye ardhi hii ukiuziwa alumini kwa jina la shaba. Usichanganye tu na shaba iliyopakwa bati, ambayo ni kinyume chake: nyeupe juu, nyekundu ndani. Hiyo ni nzuri, tena inashika bati la kulehemu upesi. Sumaku haitakusaidia hapa, kwa sababu hainasi shaba wala alumini. Kazi ya sumaku ni kufichua chuma, na hilo nitalifikia kwenye kebo za antena.

Mita ya kawaida ya fundi haiwezi kupima ukinzani mdogo hivi, kwani nyaya zake peke yake zina omu 0.2 au zaidi. Mimi natumia betri ya gari ya volti 12 na balbu ya breki ya wati 21. Unganisha nyuzi mbili za kebo kule mwisho ili umeme uende na kurudi, kisha weka kebo na balbu katika mstari mmoja na betri. Balbu inavuta karibu ampea 1.75. Sasa pima volti kati ya ncha mbili za kebo zilizo upande wako. Shaba ya kweli ya 2.5, mita 5 kwenda na 5 kurudi, ina omu karibu 0.07, hivyo mita inapaswa kuonyesha volti 0.12 hivi. Waya bapa mwekundu na mweusi ulinipa 0.24. Maana yake ni alumini, na tena ni mwembamba kuliko ilivyoandikwa. Kebo nyeusi laini ya 2x2.5, ile inayouzwa kwa ajili ya kurefusha umeme wa nyumba, ilinipa 0.13. Hiyo ndiyo niliyoichukua. Haina urembo wowote na haikuandikwa neno lolote la muziki, lakini kwa bafle sijaona sababu ya kulipia zaidi.

Je, tofauti inasikika? Kipimo ninachofuata ni kwamba ukinzani wa kebo, kwenda na kurudi, usizidi asilimia 5 ya omu za bafle. Kwa bafle ya omu 8 una nafasi hadi 0.4, na kwa umbali wa mita 3 hata alumini itapita bila shida. Kwa bafle ya omu 4 mpaka ni 0.2, na hapo waya wa 0.75 wenye urefu wa mita 5 unafika 0.23 hata ukiwa shaba tupu. Besi inalegea. Ubaya mkubwa wa alumini lakini uko kwenye ncha. Inashika ukoko usiopitisha umeme, inajisogeza polepole chini ya skrubu mpaka inalegea, halafu bafle inaanza kukwaruza. Ukiikunja mara kadhaa mahali pamoja, inakatika ndani ya plastiki na hutaona kitu kwa nje.

Kosa jingine ninaloliona sana ni kupaka bati ncha za waya kabla ya kuzibana kwa skrubu. Zinaonekana safi na ngumu, lakini bati ni laini, linakubali kubonyezwa taratibu, na baada ya wiki chache skrubu haina tena kitu cha kubana. Sokota shaba tupu, milimita 12 inatosha, kisha ubane. Kama unataka fishi za banana (za pini moja nene), lehemu ndani ya fishi yenyewe. Angalia pia uzi mmoja usitoroke ukagusa tundu la jirani. Uzi mmoja kama unywele unatosha kuunguza transista za kutoa sauti.

Sasa kebo ya RCA. Wengi hukimbilia kebo nyeupe ya antena ya televisheni kwa sababu iko kila kona. Mimi siipendekezi. Ile inayouzwa kwa wingi ina wavu (nyuzi zilizosukwa kuzunguka waya wa katikati) wa alumini na karatasi ya alumini, na bati la kawaida halishiki alumini hata ukibembeleza vipi. Mwisho wake watu husokota wavu na kuubana tu, nao unalegea. Waya wa katikati ukiuletea sumaku unavutwa: ni chuma kilichovikwa shaba. Tena ni ngumu, inasukuma tundu la ampli kila unaposogeza meza. Tafuta RG-59, kebo ya umbo kama la antena lakini yenye wavu mzito wa shaba, au kebo laini ya maikrofoni yenye nyuzi mbili ndani na wavu juu. Mimi nilitumia ya maikrofoni.

Kipimo kingine hapa ni kapasitansi, yaani uwezo wa kebo kuhifadhi chaji ya umeme. RG-59 ya kawaida ina karibu pikofaradi 67 kwa mita, hivyo mita 1.5 ni kama 100. Mashine ya CD yenye omu 1,000 za kutokea haitahisi kitu, kwani sauti inaanza kukatwa juu ya hezi milioni 1. Ila ukiwa na kidhibiti sauti kisicho na umeme chenye omu 10,000 za kutokea, na kebo ndefu inayofika pikofaradi 1,000, mkato unashuka hadi hezi 16,000, na hapo matoazi yanafifia kweli. Kwa hiyo fanya fupi. Mita 1 ikitosha, usikate 2.

Kwa kebo ya nyuzi mbili: uzi mmoja unaenda kwenye pini, wa pili kwenye pete ya nje, kote kuwili. Wavu unaulehemu kwenye pete upande wa mashine ya CD tu. Upande wa ampli unaukata na kuufunika. Chora mshale kwenye ganda usije ukasahau. Kwa kebo ya uzi mmoja usithubutu kufanya hivyo: wavu wake ndio njia ya kurudi, ukiukata upande mmoja utapata mngurumo wa kutisha.

Kulehemu kwenyewe: bati la 60/40 (sehemu 60 za bati, 40 za risasi) lenye utomvu ndani, unene wa milimita 0.8. Usitumie dawa ya asidi ya mafundi bomba, inakula shaba pole pole hata baada ya kazi kupoa. Bati hili lina risasi, kwa hiyo fungua dirisha na unawe mikono kabla ya kula. Pitisha kwanza kifuniko cha fishi kwenye kebo, maana ukikisahau itabidi uyeyushe kila kitu upya. Menya ganda la nje milimita 15 na la ndani milimita 5. Paka bati uzi na kikombe cha fishi kila kimoja peke yake, kisha viunganishe kwa sekunde 2 au 3. Ukikawia, plastiki ya ndani inayeyuka na kurudi nyuma, uzi unagusa wavu, na upande mmoja wa stereo unanyamaza. Wakati wa kulehemu mimi huchomeka fishi kwenye tundu bovu la ampli ya zamani. Tundu linashika pini iwe katikati plastiki inapolainika.

Mtego wetu hapa ni umeme. Pasi yangu ya kulehemu ya wati 40 ni ya volti 220. Jioni umeme ukishuka hadi 170, pasi hiyo inabaki na wati 24 tu, kwa sababu nguvu inashuka kwa mraba wa volti. Bati linaganda likiwa na rangi ya kijivu, chembechembe, kama uji uliopoa. Kiungo hicho kinapita kwenye mita leo na kinakatika mwezi ujao. Pima volti ya ukutani kwanza, kama iko chini ya 200 ahirisha.

Fishi za sokoni zenye rangi ya dhahabu zinaweza kufaa, ila mbili kati ya sita nilizonunua zilikataa bati kabisa mpaka nilipozikwangua kwa msasa, na moja pini yake iliinama. Rean ni shwari: kikombe kinashika bati mara moja, na kibano cha nyuma kinashika ganda badala ya uzi. Kwa kebo inayochomolewa mara kwa mara nazilipia bila kusita. Kwa kebo inayokaa nyuma ya kabati miaka yote, zile za sokoni zinatosha.

Kabla ya kuwasha, pima pini kwa pini, pete kwa pete, kisha pini kwa pete, ambapo mita isilie hata ukitikisa kebo. Ukisikia mngurumo hata hivyo, na ampli imeungwa pia na dekoda ya televisheni, chomoa waya wa dishi kwenye dekoda. Mngurumo ukinyamaza, kosa liko kwenye njia ya dekoda na si kwenye kebo yako. Kwa bafle, gusisha betri ndogo ya volti 1.5 mara moja tu kwenye ncha za upande wa ampli: spika zote mbili zisogee mbele. Moja ikirudi nyuma, umegeuza waya, na besi itapotea.

Nilinunua mita 6 kwa kila bafle badala ya 5. Shaba iliyo wazi kwenye ncha inageuka kijani kidogo kidogo msimu wa mvua, na kila inapotokea nakata sentimita 2 na kumenya upya.