Mrija au barakoa ya koo: kipi kinafaa upasuaji wa matundu madogo?

Assalaam aleikum, ndugu watazamaji, na karibuni tena Malindi. Mezani pangu pana vifaa vitatu vya kumpitishia hewa mgonjwa aliyelazwa kwa dawa ya usingizi: mrija wa koromeo wenye kiputo kinachojazwa hewa ili kuzibia, barakoa ya koo ya ProSeal, na i-gel, ambayo ni barakoa ya koo ya aina nyingine, nami nitavipima kwa kazi moja tu, upasuaji wa tumbo kwa matundu madogo, maana hapo ndipo ubora wa kifaa unapojulikana.

Katika upasuaji huo tumbo hujazwa kaboni dayoksaidi kwa shinikizo la milimita 12 hadi 15 za zebaki, kiwambo, yaani msuli wa kupumulia ulio chini ya mapafu, kikasukumwa juu, mapafu yakawa mazito kutanuka, na mashine ikalazimika kuongeza nguvu. Mgonjwa akilazwa kichwa chini, mambo huzidi. Kifaa kisichoziba sawasawa huvujisha hewa, na sehemu yake huishia tumboni.

Barakoa ya mwanzo ya daktari Mwingereza Archie Brain, aliyoanza kuijaribu mwaka 1981, kwa kawaida huvuja kwenye shinikizo la sentimita 20 hivi za maji, kwa hiyo sikuiweka hata mezani. ProSeal hufikia karibu 30, tena ina njia ya pili ya kupitishia mpira wa kunyonya maji ya tumboni. Tazameni kwenye sanamu hii: naweka tone la jeli kwenye mdomo wa njia hiyo, kisha nabinya mfuko wa hewa. Jeli ikitoa mapovu au ikiruka, barakoa haijakaa mahali pake, na hapo hujazi gesi tumboni wala huanzi kazi, unairekebisha kwanza.

I-gel nayo ina njia hiyo, haina kiputo cha kujaza, na huingia upesi, ingawa mara nyingi huziba chini kidogo ya ProSeal. Ni ya mgonjwa mmoja, ilhali ProSeal huchemshwa kwa mvuke na kurudiwa hadi mara 40, mradi kadi ya kuhesabia isipotee, nayo hupotea.

Kwa mwanamke mwembamba aliyefunga kula, anayefungwa kizazi, nachagua ProSeal. Kwa mjamzito, mtu mnene sana, aliyeziba utumbo au mwenye kucheua sana, sibishani: ni mrija, shinikizo la kiputo chake likipimwa liwe kati ya sentimita 20 na 30 za maji, kwa sababu ndio unaomkinga vizuri zaidi asipaliwe na matapishi.