Samaki Ndani ya Mkate: Kipi Kinunuliwe Tanga, Kipi Kiachwe

Sandwichi nzuri ya samaki Tanga huikuti imeshafungwa inakusubiri. Unaiunga mwenyewe: kipande kwa mama wa karai, skonzi dukani, ndimu na pilipili papo hapo. Ile iliyoviringishwa nailoni tangu asubuhi, kachumbari imeshatoa maji yote, iache kwenye kabati la kioo ilipo.

Kabla ya kuchagua samaki, chagua karai. Mafuta yaliyokuwa meusi, yenye povu zito linalopanda mpaka ukingoni, yanayofuka moshi hata kabla samaki hajatiwa, hayo ni ya juzi na yatamharibu hata nguru aliyetoka majini alfajiri. Jambo la pili ni samaki wa kurudiwa. Wauzaji wengi hukaanga wote mapema, kisha mteja akija humchovya tena apate moto. Mtazame mkia na mapezi: yakiwa meusi na kukatika ukiyagusa, karaini kaingia mara mbili. Nyama yake itakuwa nyuzi kavu, na ndani ya mkate utatafuna mpaka taya lichoke. Aliyekaangwa mara moja ngozi yake hulia ukiigonga kwa ukucha, na nyama huachia mfupa ikiwa bado na majimaji. Bizari ikizidi, nayo itilie shaka. Umanjano mwingi hufunika sura ya samaki aliyelala.

Kwa hiyo mwambie akukaangie mbichi unayemwona. Hapo unapata nafasi ya kufunua shavu uone wekundu na kubonyeza mgongo kwa kidole. Kwenye mwambao huu ambako baruti ilipigwa miaka mingi, tazama pia damu iliyovilia kando ya uti wa mgongo, mfupa uliovunjika na nyama laini kupita kiasi. Baruti imepungua sana, ila jicho la mnunuzi lisipungue.

Sasa nafasi zenyewe, kuanzia anayefaa zaidi ndani ya mkate.

Ya kwanza ni nguru, na sioni wa kushindana naye. Hukatwa kwa upana, mfupa uko mmoja katikati, unautoa kwa vidole viwili na kipande kinabaki kizima. Mkate hautaki miiba, kwani ukishauma huoni unachotafuna. Omba cha katikati chenye unono. Cha mkiani ni chembamba na hukauka haraka. Bei yake inauma, lakini ukipata kipande kinene gawa skonzi mbili. Asipopatikana nguru, kolekole anatosha.

Ya pili itawashangaza wengine: katlesi ya samaki. Kwa mfuko mdogo hakuna kinachoipita, na ndani ya skonzi yenye chatne ya ukwaju unaweza kuila ukitembea. Nunua moja kwanza uivunje. Ukiona nyuzi za samaki, ongeza. Ukiona kiazi kitupu kilichopewa harufu, lipa ya moja uende zako.

Ngisi ni wa tatu, akipikwa na mwenye haraka. Dakika chache tu karaini, akizidi hapo unatafuna ndala. Usinunue waliokwisha kukaangwa, hata ukiambiwa ni wa sasa hivi.

Pweza nampa nafasi ya nne kwa shingo upande, maana kwenye kijiti, na kikombe cha supu pembeni, yeye ndiye mfalme wa jioni. Ndani ya mkate anadai kazi: apigwepigwe kabla ya kuchemshwa, achemke mpaka kisu kipenye, kisha akatwe vipande vidogo na kupitishwa kwenye moto mkali. Mwulizie siku za bamvua, maji yakitoka mbali na miamba kubaki wazi. Ndipo wachokoaji wanapowapata wengi. Siku za maji mafu, pweza anayejaa meza huenda ametoka kwenye barafu.

Kamba ni watamu, ila huwa hawatoshi kujaza mkate, na bei unalipia jina. Vichwa vikishaanza kuwa vyeusi, pita.

Changu na tasi sitawapa nafasi kabisa, na si kwa ubaya. Ni watamu kuliko nguru, lakini miiba yao inataka sahani, mkono na wali wa nazi. Kumtia changu kwenye mkate ni kumwonea.

Vibua ndio rahisi kuliko wote, hasa siku za giza, wavuvi wanaovua kwa mwanga wa taa wanapotoka. Mbalamwezi ikikolea hupungua. Ila vibua na jodari wana jambo lao. Wakiachwa juani, nyama hutengeneza sumu iitwayo histamini, na moto wa karai hauiondoi. Ukiuma ukasikia ulimi unachonyota na pilipili hujatia, tema na usimalizie kwa kuonea pesa huruma. Kinachofuata huwa uso kuwa mwekundu, kichwa kuuma na mwili kuwasha.

Mkiani mwa orodha ni papa na taa, yule samaki bapa. Wakikaa kidogo hutoa harufu ya mkojo isiyofichwa na ndimu. Wapeleke kwenye mchuzi wa nazi. Halafu jarife, yaani nyavu, za papa za maji marefu ndizo zilizokuwa zikinasa silikanti hapa kwetu, samaki wa kale aliyefanya Tanga itengewe hifadhi ya bahari mwaka 2009.

Mkate: skonzi ya siku hiyo hiyo, ipashwe kidogo upande wa ndani. Slesi hulowa mafuta na kukatika mkononi. Chapati inamfaa ngisi na pweza, kwa kuwa unaviringisha. Mkate wa ufuta ukiupata wa moto, acha vyote vingine; tui lake na nguru vinajuana. Andazi lina sukari na hiliki, libaki na chai.

Ndimu ikamuliwe mwisho, pilipili ije kando, na kitunguu kioshwe kwa chumvi. Mayonesi sipingi, lakini chupa iliyoshinda juani Tanga siigusi.

Asubuhi nenda kwenye mialo ya Deep Sea au Sahare boti zikiingia, umchague mbichi mwenyewe kisha umtafute wa kukukaangia kwa ujira. Jioni utategemea alichobakiza mkaangaji. Kwa vyovyote uliza bei kabla kipande hakijagusa mafuta, na uulize ni ya kipande au ya samaki mzima.