Ramani ya simu kwa fundi friji: uzoefu wangu wa miaka miwili

Mimi ni fundi friji, na kazi zangu nyingi ziko Tandale, Manzese na Mwananyamala, hapa Dar es Salaam. Aliyewahi kutafuta nyumba huku anayajua maelekezo yetu: shuka pale msikitini, ulizia duka la Mangi, ingia kichochoro cha pili, geti la bluu, ukifika nibipu. Wewe begani una mtungi wa gesi, mkononi begi la vifaa, na kila kichochoro kina Mangi wake.

Miaka miwili sasa natumia Organic Maps, programu ya ramani ya kwenye simu. Ni ya bure, haina matangazo, na ukishapakua ramani unaitumia hata bando likiisha, maana simu inapokea mawimbi ya setilaiti yenyewe. Kwangu hilo ndilo kubwa. Bando langu huisha saa tisa alasiri, na saa hiyo hiyo ndiyo muuza samaki anapiga kwamba friji haigandishi.

Siku ya kwanza niliivuta Tandale kwa vidole viwili, nikaona vistari vya kukatika-katika vikipenya katikati ya nyumba. Vichochoro! Hata kile chembamba kinachotokea kwenye mtaro, ambacho nilidhani tunakijua sisi tu. Nikafuatilia, kumbe ramani inatoka OpenStreetMap, ramani huria ya mtandaoni inayochorwa na watu wa kujitolea, na Tandale ilichorwa kuanzia mwaka 2011, wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi wakizunguka mitaani pamoja na wakazi. Mwaka 2015 ukaja mradi wa Ramani Huria, ukaingia kata nyingine za Dar, shabaha ikiwa kujua maji ya mafuriko yanapita wapi. Ndiyo maana na mitaro imo. Wale vijana waliotembea juani nawashukuru kwa moyo wote.

Vibao vya anwani za makazi vilivyobandikwa mwaka 2022 vinanisaidia nikishafika mlangoni. Ila muulize mteja namba ya nyumba yake, atakwambia ngoja nitoke nje niangalie.

Ninachokitegemea zaidi kila siku ni alama za rangi. Kila nyumba niliyotengeneza naiwekea alama: kijani nimelipwa nimemaliza, njano bado ipo kwenye garantii yangu, nyekundu kuna deni. Zamani yote haya yalikuwa kwenye daftari, na daftari halikuonyeshi kwamba wadaiwa watatu wanakaa mtaa mmoja. Asubuhi kabla ya chai natazama ramani, naona njano mbili na nyekundu moja zimekaribiana Manzese, basi safari ni moja na nauli ni moja.

Masika iliyopita nilifuata njia hadi kwenye kivuko cha mbao, nikakuta mbao zimekwenda na maji usiku ule. Nilizunguka karibu nusu saa na mtungi begani. Jioni niliingia kwenye tovuti ya OpenStreetMap, nikaacha maelezo mahali pale pale kwamba kivuko hakipo. Huhitaji hata kujisajili. Kwa hiyo nawasihi wenzangu: mvua kubwa ikinyesha, muulize mtu kabla hujashuka bondeni, na ukikuta njia imebadilika, andika.

Mwezi uliopita nilibisha hodi kwa mama mmoja mtu mzima.

"Shikamoo mama. Fundi friji."

"Marahaba. Umefikaje mwanangu? Mbona simu yangu haijaita?"

Nikamwonyesha kioo. Akainamia, akafuata kistari kwa kidole kutoka barabarani mpaka mlangoni kwake, akaita wajukuu waje waione nyumba yao. Friji ilikuwa na kazi ya dakika 40, kubadilisha relei ya kompresa tu, lakini nusu ya muda huo tulikuwa kwenye ramani: hapa kisima, hapa shule, hapa kwa marehemu kaka yake.

Kijana ninayemfundisha kazi naye nimempakulia. Kuanzia wiki hii alama zote za njano za Mwananyamala anazifuata yeye.